Msalaba wa Chaki kwenye Behewa la Sardini

Gurudumu zima hulia. Ukiligonga kwa nyundo hutoa mlio mwembamba unaokwenda mbali kidogo kisha kufa wenyewe, kama kengele ya baiskeli iliyo mtaa wa pili. Gurudumu lenye ufa halilii. Linajibu tu, to, kama sufuria iliyojaa bukari, ugali wetu. Nilijua tofauti hiyo kabla sijajua kusoma, kwa sababu baba yangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa katika uwanja wa reli wa Kolwezi, na nyumba yetu ilikuwa karibu kiasi kwamba asubuhi za kiangazi, baridi ya kule kwetu ilipobana na sauti zikasafiri chini chini pamoja na moshi wa majani yaliyochomwa, nilimsikia akitembea kando ya treni nami ningali kitandani. Ting. Hatua tatu. Ting. Hatua tatu. Nilihesabu pamoja naye, na pale mlio ulipokosekana nilizuia pumzi, maana nilijua kwamba sasa anatoa chaki mfukoni.

Chaki hiyo ilimchosha mama. Kila shati la baba lilikuwa na doa jeupe juu ya moyo ambalo sabuni haikuliweza, naye mama alikuwa akisema kwamba ameolewa na mwalimu asiye na shule. Lakini kwangu mimi hapakuwa na kitu chenye nguvu kuliko kile kipande cha chaki. Behewa likishapigwa msalaba haliungwi kwenye treni, hata mkubwa wa stesheni apige kelele namna gani. Linasukumwa kando, linatengenezwa, kisha linagongwa tena, na likilia ndipo msalaba unafutwa. Baba hakuwa mtu mrefu, wala hakuwa na sauti kubwa, ila aliweza kusimamisha treni nzima ya madini kwa mistari miwili.

Kiangazi ninachotaka kukisimulia ni kile ambacho jirani yetu Kapend alijua kwamba anahama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi na miwili. Baba yake alikuwa amepata kazi kwenye stesheni ya Kasaji, kule magharibi, na familia yote ingepanda treni ya abiria mara itakapofika. Treni ile haikuwa na siku maalumu. Ilifika ilipofika. Kwa hiyo hatukujua kama Kapend amebakiwa na mwezi mmoja au siku nne, na kwa mtoto kama mimi, ambaye hata mvua ikinyesha nilijiuliza nimekosea wapi, kutokujua huko kulikuwa mzigo. Kapend hakusumbuka. Alisema tujenge reli yetu wenyewe, kutoka ukuta wa mashine ya kusagia mahindi iliyokuwa nyuma ya kwetu hadi mlango wa jiko la kwao, ivuke mfereji wa maji machafu katikati, na treni ya mabehewa tisa ipite juu yake yote kwa pamoja kabla hajaondoka. Mara moja tu, alisema. Ikipita mara moja, atakwenda Kasaji na moyo mweupe.

Tulijenga kwa wiki nyingi. Reli zilikuwa waya mnene wa ua wa zamani, ulionyooshwa kwa kuviringishwa kati ya ubao na saruji mpaka viganja vinuke kutu. Mataruma yalikuwa vijiti vya mkaratusi vilivyopasuliwa, na kila tulipopasua kimoja harufu yake ilipanda puani kama dawa ya mafua. Baba alitukatia kijiti chenye mapengo mawili, akatuonyesha kwamba upana wa reli hupimwa ndani kwa ndani, si juu kwa juu, na kijiti hicho tulikiheshimu kuliko rula ya shule. Mabehewa yalitokana na makopo ya sardini na ya maziwa. Magurudumu yalikuwa washa za bolti, zile tulizoziita rondeli, tulizookota nyuma ya gereji, na nyuma ya kila moja tulibana duara la bati lililo kubwa kidogo, ili liwe ukingo wa kushika reli. Ekseli ilikuwa spoki ya baiskeli. Washa ilikaa juu yake kwa ulegevu, na ukiigonga kwa msumari ililia kweli, ting, kwa sauti ya kitoto, lakini ting.

Mapacha wa nyumba ya tatu, Mbuyi na Kabanga, walikuwa mafundi wa mabehewa makubwa. Kapend alikuwa mtu wa njia na daraja. Mimi nilikuwa mtu wa mambo madogo, yale ambayo wengine waliona ni kupoteza muda. Niliweka behewa juu ya kipande cha tairi na kugonga kwa ncha ya msumari kutoka ndani, nukta kwa nukta, ili nje pajitokeze safu ya riveti. Kutoka kwenye moteri iliyoungua ya ile mashine ya kusagia nilipata waya wa shaba mwembamba kama unywele, nikausokota kuwa ngazi, vishikio, na ndoano za kuunganishia. Nilichukua rangi ya kucha ya dada yangu mkubwa, bila kumwomba, nikaandika namba ubavuni. Kisha tulipakia. Mabehewa yetu yalibeba vijiwe vya malakiti, vya kijani kama mboga ya muhogo iliyopondwa, ambavyo huko kwetu mtoto huviokota akienda shule. Behewa la Kapend peke yake lilibeba mawe meusi ya manganizi, aliyoletewa na mjomba wake kutoka Kisenge, na aliyapanga moja moja kama mayai.

Nikawa pia mkaguzi, kwa urithi. Mwenye baba ndiye mwenye chaki. Kabla treni haijaachiwa iteremke kutoka ukutani, maana haikuwa na injini, ilikwenda kwa mteremko na kwa uzito wa kopo la mafuta lililojazwa kokoto, nilipita kando yake na msumari wangu nikigonga. Ting, ting, ting. Nilifanya kama baba, hatua tatu za vidole. Katika jaribio la kwanza magurudumu yote yalilia, nikanyanyua mkono, Kapend akaachia. Treni ikashuka vizuri, ikaingia darajani, na hapo hapo gurudumu moja la behewa la Mbuyi likachomoka. Behewa likaning'inia kidogo kama mtu anayefikiri, kisha likatumbukia mferejini pamoja na malakiti yake yote.

Walicheka mpaka wakakaa chini. "Vago yangu imeoga!" Mbuyi alipiga kelele, maana behewa kwetu ni vago. "Leteni taulo!" Na Kapend, akiwa amejishika tumbo: "Angalieni mukaguzi yetu! Masikio iko nayo mbili, hata moja haitumike!" Hakuwa na ubaya. Dakika kumi baadaye alikuwa ameshasahau, yuko ndani ya mfereji hadi magotini akitafuta washa. Mimi sikusahau. Usiku ule na usiku uliofuata niliisikia ile kauli ndani ya masikio yangu ambayo hayatumiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa shuleni, nami nikaamua kwamba hakuna ufa utakaonipita tena.

Basi nikaanza kukagua kwa bidii. Sikugonga tena mabehewa yakiwa njiani. Nililichukua kila moja mkononi, nikalibana vizuri lisianguke, nikalisogeza karibu kabisa na sikio, nikafumba macho, nikagonga. Na hapo jambo la kutisha likatokea. La kwanza: to. La pili: to. Nikalibana zaidi, nikasikiliza zaidi. To. Nilitoa chaki, nikaandika msalaba. Washa zikabadilishwa. Nikagonga tena. To. Ndani ya siku tatu niliandika misalaba kwenye mabehewa manane, la Kapend mara tano. Na la tisa, langu, lile la riveti na ngazi za shaba, lile ambalo nilikuwa nimelilaza karibu na mto wangu, nililigonga nikiwa peke yangu, nikasikia ule ule mlio mfu. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona. Nikaliandikia msalaba pia, na sitaficha kwamba nilijiona mtu mwaminifu sana.

Wenzangu hawakuona uaminifu. Waliona treni isiyo na behewa hata moja. "Ngalula, sasa treni itabeba nini?" Kapend aliniuliza. "Chaki?" Kabanga alikuwa amesimama na mikono kiunoni kama mama yake. "Ya Mbuyi umeandika, yangu umeandika, hata ya kwako umeandika. Basi andika na ku batu! Andika na ku mbuzi!" Yaani nipige misalaba hadi watu na mbuzi. Mbuyi alisema mchagua jembe si mkulima, na kwamba yeye anakwenda kucheza mpira. Wakaenda. Kapend alibaki kidogo, akiangalia daraja lake la spoki, kazi ya wiki mbili, likiwa tupu juu ya mfereji. "Wee, mi nitaenda," alisema, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Nitaenda, na hata mara moja haitapita." Kisha naye akaondoka.

Nilikaa kwenye kizingiti na makopo tisa yenye misalaba. Mama alipita na ndoo, akaniangalia. "Benzako banakimbia, we unabakia na bikopo kama muuzaji wa sardini," alisema, lakini alinigusa kichwa alipopita. Jioni ile baba alirudi kutoka kazini, ananukia chuma cha breki na ile dawa nyeusi ya mataruma, akasema wakati ananawa mikono, kama mtu anayesema habari ya kawaida, kwamba treni ya abiria imeshaondoka stesheni ya Tenke. Kesho itakuwa hapa.

Sikumbuki kama nililia kwanza au nilisema kwanza. Nilimletea mabehewa yote kwenye sinia, nikamwomba ayasikilize yeye, maana yeye anajua. Baba alikuwa ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mama," alisema, "mi naangalia vago inapita nyumba hii kwa ukubwa. Hizi nitaziskia na masikio gani?" Kisha akalinyanyua langu, akaligeuza, akatazama riveti kwa muda mrefu, na nikaona kwamba amezipenda. "Hii, nani alijenga?"

"Mi."

"Na nani aliangalia?"

"Mi."

Alicheka hadi akaliweka behewa chini. "Kinyozi hajinyoi, mama! Kwetu mu atelier, pale vago inatengenezwa, ule anatengeneza hagusi chaki. Hata akikuwa fundi namna gani. Atasikia kile anataka kusikia, ao kile anaogopa kusikia. Peleka nyundo kwa mwengine."

"Kwa nani?"

Alifikiri, akifuta mikono. "Kwa ule anakukasirikia. Ule hatakudanganya."

Ningependa kusema kwamba nilikwenda mara moja. Nilikwenda asubuhi, baada ya kupanga usiku kucha maneno ambayo sikuyatumia hata moja. Nyumba ya kina Kapend ilikuwa imegeuzwa: magodoro yamefungwa kamba, masufuria ndani ya masufuria, kuku wawili ndani ya kikapu wakiangalia dunia kwa jicho moja moja. Kapend alikuwa ameketi juu ya furushi. "Ah! Mama mukaguzi amefika," alisema. "Karibu. Kiti hakuna, tumefunga yote."

"Nimeleta nyundo."

"Ya kunipiga?"

"Ya kuangalia vago yangu. We njo uangalie."

Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui kama ni mtego. "Mi? Mi wa misalaba tano?" Nikaitikia kwa kichwa, naye akaniamuru: "Sema: tafazali, shefu."

"Tafazali, shefu," nikasema, kama anavyoambiwa mkubwa wa kazi.

Akasimama, akajirekebisha shati, akachukua msumari. Nilimshikia behewa mbele yake kwa mikono miwili. Akagonga. To. "Imekufa," alisema, na kwa nukta moja nilihisi kitu kinachofanana na faraja, kwamba angalau sikukosea. Lakini Kapend hakutafuta chaki. Alikuwa anaangalia vidole vyangu. "Ngoja. Juu ya nini unaikamata vile, kama kuku inataka kukimbia?"

"Isianguke."

"Ulizikamata yote vile?"

Alinivuta mkono hadi nje, hadi kwenye reli yetu, akaniambia niliweke behewa njiani. Nikaliweka, kidole gumba changu kikiwa bado juu ya washa, kwa sababu nilikuwa naona litaondoka. "Toa kidole, Ngalula," alisema, taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Kidole yako ndiyo inameza sauti."

Nikatoa. Akagonga.

Ting.

Ulikwenda mbali kidogo, kisha ukafa wenyewe. Nilikaa chini kwenye vumbi. Siku tatu nzima nilikuwa ninaandikia misalaba mkono wangu mwenyewe. Baba hajawahi kulibeba behewa. Behewa hukaa njiani, juu ya reli yake, huru, ndipo huulizwa. Nilijua hilo, nilikuwa nimelifanya vizuri kabla ya kuogopa, na woga ndio uliolileta behewa mkononi. Kapend alitema mate kwenye kidole gumba chake, akafuta msalaba wangu, akaacha alama ya tope juu ya riveti zangu nzuri. Yale mengine niliyaleta, tukayapanga njiani, akayagonga moja moja. Pamoja na langu, saba yalilia. Mawili yalikuwa na hitilafu kweli, washa ya moja ina ufa mwembamba kama unywele, na Kapend alinipa chaki niandike, kwa heshima yote. "Ona, si masikio," alisema. "Masikio iko sawa."

Tulirekebisha mawili yale huku tukisikiliza upande wa stesheni. Nitaishukuru daima treni ile kwa kuchelewa. Watu wazima waliokaa juu ya mizigo yao waliilaani tangu asubuhi hadi jua likapita katikati. Sisi tuliiombea ichelewe zaidi. Mapacha walirudi wakiwa na mpira kwapani, wakijifanya wanapita tu. Kabanga aliuliza kama nina chaki bado, kwa sababu kuna mbuzi wa kukagua. Kisha akapiga magoti kuunganisha ndoano zangu za shaba, moja baada ya nyingine, kopo la kokoto mbele, behewa langu nyuma kabisa.

Kapend aliniambia niachie mimi. Nikaachia. Treni ilishuka ikitoa mlio kama mvua ndogo juu ya bati, ikapinda kwenye kona ya mkaratusi, ikaingia darajani. Moja. Mbili. Daraja likatikisika, Kapend akafunga mdomo kwa kiganja. Sita. Saba. La manganizi likapita, zito, jeusi, halijamwaga hata jiwe. La mwisho lilipofika katikati mkono wangu ulikwenda mbele wenyewe, kulishika, na nikauona, nikaurudisha. Likapita. Treni ikafika mlango wa jiko tupu la kina Kapend, ikagonga kizingiti kidogo, ikasimama. Kelele tuliyopiga iliwatoa watu nje, na mama yake Kapend akadhani treni ya kweli imefika, akashika kikapu cha kuku na kuanza kukimbia.

Ile ya kweli ilifika baada ya saa mbili. Kapend alipanda na behewa lake chini ya mkono. Kabla ya kupanda alichagua jiwe moja jeusi, akaliweka mkononi mwangu, nami nikampa la kijani. Hatukusema maneno makubwa. Alinikumbusha tu kwamba bado mimi ni mukaguzi, na kwamba yeye ni shefu.

Leo baba amestaafu, na masikio yake yamechoka. Inabidi nimwambie kila kitu mara mbili. Treni zinapita chache. Madini mengi yanaondoka kwa malori, msafara mrefu wa vumbi barabarani, na watoto wa mtaa wetu wanatengeneza malori ya bati yenye taa za kweli, mazuri, sina neno la kuyadharau. Ua wetu umejengwa vyumba, mfereji umefunikwa saruji. Mimi nimemaliza chuo, uhandisi wa mitambo, na ukiniuliza habari ya mhimili na mzigo nitakujibu bila kusita. Nilichoshindwa kwa wiki tatu ni barua. Karakana moja ya kutengeneza mabehewa inatafuta msaidizi wa ukaguzi. Barua ya maombi niliiandika siku ya kwanza, na tangu hapo nimeifungua kila usiku, nimebadilisha "naomba" kuwa "ningeomba" na kurudisha tena, nimesoma kila sentensi kwa sauti, karibu na sikio, na kila sentensi imenijibu to.

Juzi niliituma kwa Kapend, ambaye sasa ana gereji ya pikipiki huko Kasaji na hajawahi kuandika barua ya kazi maishani mwake. Sikumwambia nina wasiwasi. Nilisema tu: angalia hii. Jioni ukaja ujumbe wa sauti, nyuma yake pikipiki inanguruma na mtu anabishana juu ya cheni. "Ngalula," alisema, "nimeisoma mara moja. Inalia. Sasa toa kidole."

Behewa langu liko hapa mezani, juu ya reli fupi ya waya niliyoitunza, na ile alama ya tope iliyoachwa na kidole gumba cha Kapend imekauka kuwa sehemu ya rangi. Lile jiwe jeusi liko ndani yake. Nililigonga gurudumu kwa kalamu, likalia. Kisha nikachukua simu, sikuisoma barua tena, nikabonyeza kitufe cha kutuma, na nikaondoa kidole.